Barua kwa mwanangu: deni linataka uso

Mwanangu, marahaba. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu, mara ya kwanza nilikuwa pale Mwaloni Kirumba nageuza dagaa juani, nikaishia kukaa juu ya gunia la watu. Unauliza, mama, kuna kampuni hapa Leicester inataka kunisimamia madeni, niwe nawalipa wao mara moja kwa mwezi afu wao ndo wawagawie wadai, niingie au kuna njia nyingine. Deni paundi 14,200. Afu chini kabisa ukamalizia "usimwambie shangazi."

La kampuni nitakujibu, ila lililoniuma sio hilo. Miaka miwili kila Jumapili tunaongea unaniambia uko poa, na hela ya bati ukatuma, kumbe bati za nyumba hii ziko kwenye kadi ya mkopo huko Uingereza. Usiku mvua ilinyesha nikawa nazisikiliza tu, usingizi hamna.

Na sijui nikulaumu vipi wakati aliyekufundisha kujificha ni mimi.

Wewe hukumbuki vizuri, ulikuwa na miaka mitano, mwaka 1999. Marehemu baba yako alikuwa amechukua injini ya boti na nyavu kwa mkopo, mi nachukua dagaa mali kauli, nauza kwanza ndo nalipa, maisha yanaenda. Mwezi wa tatu Ulaya wakafunga samaki wa ziwa letu Victoria, wakasema kuna watu wanavua kwa sumu, viwanda vya minofu vikasimama, sangara tukawa tunauziana wenyewe kwa bei ya mapanki, yale mabaki ya samaki minofu ikishatolewa. Bei ikashuka, deni halikushuka. Ndo akaja yule kaka wa shati la kuchomekea na begi la ngozi, akasema nyie msihangaike na wadai, nipeni elfu ishirini kila wiki mimi nitawasemea wote. Tukampa wiki sita. Za kwanza akasema ni za kufungua faili. Faili lenyewe sikuliona mpaka leo, na hata hapa navyoandika mkono unanitetemeka, sio kwa laki na ishirini, ni kwa sababu mimi ndo nilimshawishi baba yako.

Basi jioni moja mama nyavu, yule aliyetukopesha nyavu, akaja mwenyewe. Nikakimbilia jikoni uani nikakuambia sema mama kaenda Ukerewe. Ukasema. Yule mama wala hakubisha, akakaa kwenye benchi, akakuweka katikati ya magoti akaanza kukusuka twende kilioni. Nawachungulia kwenye tundu la ukuta, maharage yanaungua siwezi hata kuinuka kuyaepua maana atasikia sufuria, na harufu anaisikia, we unadhani hakuisikia? Alipofika katikati ya kichwa akasimama, akakung'uta kanga, akasema kwa sauti kubwa kabisa, "Nusu iliyobaki nitamalizia mama yako akirudi Ukerewe."

Ukalala hivyo, upande umesukwa upande umefumuka. Asubuhi ukawa unalia watoto wa jirani wanakucheka, na kufumua ukakataa. Nikakushika mkono tukapanda daladala mpaka kwake Igombe. Hakuniuliza lolote kuhusu safari ya Ukerewe. Akakukalisha chini, akaendelea pale pale alipoishia, na huku anasuka ndo tunaongea deni. Kumbe yule kaka wa begi hajamwona hata machoni! Tukakubaliana elfu tano tano kila Ijumaa, na nisimkwepe, akaongeza na debe mbili za dagaa nikauze. Nilimaliza 2003. Mpaka anazikwa tulikuwa tunaitana wifi.

Ndo maana nasemaga kila siku deni linataka uso. Mnanicheka, wewe na mdogo wako mnaniigiza kabisa, sawa, igizeni.

Sa najua utasema mama huku hakuna mama nyavu, anayenidai ni kompyuta, nitaipelekea uso wapi. Hilo nimelifikiria. Na sio kila anayesimama katikati ni mwizi, yule mwenyekiti wa mwalo si alituombea kwa mwenye injini mpaka akatuongezea miezi, na hata soda hakunywa. Tofauti yake na yule wa begi ilikuwa moja tu, anakula wapi. Kwa hiyo hiyo kampuni yako nimeiuliza swali hilo hilo. Umeandika watachukua paundi 190 kwa mwezi, 45 yao. Nimepiga kwenye daftari langu la dagaa. 145 kwenye 14,200 ni miaka minane na ushee. Ukilipa 190 yote bila wa katikati, ni miaka sita na robo. Na hapo tunaombea wadai wasimamishe riba, maana mdogo wako amenisomea kwamba mpango wa namna hiyo haumfungi mdai kisheria, akitaka kuendelea kuhesabu riba anahesabu.

Huyo mdogo wako alikaa na simu jioni nzima. Anasema hapo hapo Uingereza kuna StepChange, shirika la hisani, wanakupangia mpango ule ule bila kukutoza hata senti. Nikamwambia bure gani hiyo, wanakula wapi? Akasoma, akasema wengi wanaowachangia ni hao hao mabenki yanayodai. Hapo nikashtuka, maana anayelishwa na mdai anampenda nani? Lakini nikajijibu mwenyewe, mdai anataka hela yake irudi, na 45 ikienda kwa kampuni hata yeye anaikosa. Hata sijui. Kuna na Citizens Advice, wale wa ushauri wa bure, hao ukiwatafuta mnaweza kukaa na mtu ana kwa ana, na mimi unajua naegemea wapi.

Afu kuna ya kusimamisha siku 60, wadai wasikusumbue wala wasiongeze riba wakati unajipanga, unaiomba kupitia washauri wa madeni. Kuna IVA, mapatano na wadai ya kulipa kidogo kidogo, ile ni ya sheria, miaka mitano au sita kwa kawaida, na kati ya wadai wanaopiga kura, wenye robo tatu ya deni lazima wakubali. Kufilisika ada yake paundi 680, hiyo sijaielewa, mtu kafilisika anatoa wapi 680. Na kuna DRO, amri ya kumfutia deni mtu asiye na kitu, mdogo wako aliposoma hiyo nikamwambia rudia. Deni lisizidi paundi 50,000, usiwe na nyumba, na ukishatoa matumizi ya lazima usibakiwe na zaidi ya 75 kwa mwezi. Ada ya 90 waliifuta 2024. Mwaka mmoja, ukiisha madeni yaliyomo yanafutwa.

Sa hiyo 190 ya kampuni umeitoa wapi mama? Unakula? Hesabu chakula cha kweli, na nauli, na joto la nyumba, uone kama inabaki hata hiyo 75. Najua unaogopa kwamba kwenye DRO jina linaandikwa kwenye orodha ya serikali mtu yeyote anaweza kuisoma. Nani hapa Kirumba ataisoma? Shangazi yako hata miwani yake imevunjika tangu Pasaka.

Mi sikuchagulii. Ni deni lako, sheria za huko sizijui, na nikikuchagulia likiharibika utaninyamazia tena. Ila kama ningekuwa mimi... hapana, naacha. Labda hili tu, usimlipe mtu akupeleke mahali ambapo mlango uko wazi. Nimeshasema, basi. Na usiende kukopa kwenye simu kuziba hili, wala usimwombe mdogo wako, yeye mwenyewe katoka kwenye mikopo ya kausha damu juzi juzi, na zile programu za mikopo Benki Kuu ilitangaza kuzifungia 69 mwaka 2024 zilikuwa zinawatumia meseji mpaka shemeji zake.

Hela ya mwezi huu usitume. Nimepata magunia mawili mali kauli, na bati zipo, hazivuji. Jumapili saa mbili usiku ya huku nipigie, ila kwa video, sio sauti tu, nikuone na kichwa umesuka nini.

Mama yako