Kona ya Santuri: "Mjomba, hii ni chapa ya kwanza kweli?"

Meseji zimekuwa nyingi mno, mwezi huu nimechagua za jazi peke yake. Watu wa taarab na wa rumba mnivumilie, najua mtanuna ila zamu yenu ipo.

SWALI: Sasa mjomba. Niko Nairobi. Kuna jamaa ananiuzia santuri ya Blue Note, ile kampuni ya jazi ya Marekani, anasema ni chapa ya kwanza, yaani iliyochapwa albamu ilipotoka mara ya kwanza, ya miaka ya sitini, na bei yake imenitoa jasho. Kwa grupu yetu nusu wanasema ni ya ukweli, nusu wanasema nimeshaibiwa kabla hata sijalipa. Nitajuaje?

Kwanza hongera kwa kuuliza kabla ya kutuma pesa, maana wengi huwa wananiuliza pesa ikishaenda.

Sasa sikia, jalada usiliangalie sana. Jalada linaweza kuchapwa upya miaka 20 baadaye na maneno yakabaki yaleyale, na wauzaji wanalijua hilo ndo maana picha ya kwanza wanayokutumia huwa ni ya jalada. Mwambie akupigie picha lebo za pande zote mbili, halafu ile sehemu tupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo, aipige kwa taa ya pembeni ili michoro ionekane. Pale ndo kwenye ukweli wote.

Kwenye lebo soma anwani. Za zamani sana zimeandikwa Lexington Ave, baadaye ikaja 47 West 63rd, halafu ikawa New York USA tu. Mwaka 1966 lebo zikaanza kuandikwa kwamba Blue Note ni tawi la Liberty, kwa sababu kampuni ilishauzwa. Kwa hiyo ukiona neno Liberty na jamaa anakwambia ni chapa ya kwanza ya 1960, mshukuru kwa muda wake uende zako.

Ila kuna mtego. Liberty walirithi lebo za zamani ambazo hazijatumika, wakazibandika kwenye santuri zao mpya, yaani lebo inasema New York USA lakini santuri iliyobandikwa lebo hiyo imetoka kiwanda kingine. Hapo ndipo watu wanatafuta sikio. Kiwanda cha Plastylite kule New Jersey kilichowachapia Blue Note siku zote kilikuwa kinachora alama kwenye ile sehemu tupu, ni herufi P ya mwandiko wa mkono lakini imekaa kama sikio la mtu, na mashabiki wote wanaiita hivyo, sikio. Sikio lipo, santuri ni ya kabla ya Liberty. Sikio halipo, bei ishuke. Utaona pia RVG au VAN GELDER, huyo ni Rudy Van Gelder fundi aliyekuwa anarekodi sebuleni kwa wazazi wake Hackensack kabla hajajenga studio yake Englewood Cliffs mwaka 1959. Jina lake peke yake halitoshi maana lipo hata kwenye chapa nyingi za Liberty, mashine ya kuchapia ilibadilika ila plati za Rudy, zile bamba za chuma za kuchapia santuri, ziliendelea kutumika.

Na usije ukachanganyikiwa ukiwasikia hao jamaa wa grupu wanavyobishana. Kuna santuri ya Hank Mobley mpiga saksafoni, namba 1568, upande mmoja anwani ya lebo inaishia New York 23 na upande mwingine NYC, na kwa hiyo tofauti ndogo tu watu wanalipa maelfu ya dola. Muziki ni uleule.

Hapa nitasema langu. Mimi siamini kwamba chapa ya kwanza lazima iwe bora, na ushahidi ninao kwenye santuri ambayo karibu kila mtu anayo, Kind of Blue ya Miles Davis, 1959. Siku ya kwanza ya kurekodi mashine kuu ya tepu ilikuwa inazunguka taratibu kidogo kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo ilipochezwa kwa spidi ya kawaida upande wa kwanza wote ukatoka umekimbia na sauti imepanda kidogo. Watu wameisikiliza hivyo miaka 30 na zaidi, wapiga vyombo wamejaribu kuifuatisha nyumbani wakaona vyombo vyao ndo vina shida, mpaka 1992 ndo ikarekebishwa kwa kutumia tepu ya akiba iliyorekodiwa na mashine nyingine. Na hizo chapa za mwanzo zilikosea hata majina ya nyimbo upande wa pili, All Blues na Flamenco Sketches zimepishana. Sasa mtu amelipa pesa ya boda mpya kununua santuri yenye spidi isiyo sawa na majina yasiyo sawa, halafu anakucheka wewe mwenye chapa mpya. Kama anaipenda kama kitu cha kale sawa, ni pesa yake, ila asiseme ni kwa ajili ya masikio.

Kwa hiyo kaka kama lengo ni kusikiliza, tafuta chapa za Japani za kampuni za King au Toshiba, au zile za mfululizo wa Tone Poet ambazo Blue Note wenyewe walianza kuzitoa 2019. Na kabla ya yote pita Kenyatta Market, kibanda cha santuri cha pale kinajulikana, uishike santuri mkononi uiangalie kwenye mwanga. Picha ya simu inaficha mikwaruzo vizuri sana.

SWALI: Shikamoo mjomba, mimi ni dada wa Dar. Wanaume wa grupu yetu hawaishi kubishana analogi na dijitali, yaani sauti iliyotoka kwenye tepu moja kwa moja na ile iliyopitia kompyuta, nikisema sisikii tofauti wananiambia masikio yangu hayajakomaa. Nina shida?

Marahaba binti yangu. Huna shida yoyote. Waulize kama wanakumbuka 2022, pale ilipojulikana kwamba kampuni ya Mobile Fidelity, ambayo hao wazee wa analogi tupu walikuwa wanaiapia, ilikuwa kwa miaka mingi inapitisha tepu kwenye hatua ya dijitali kabla ya kukata santuri. Watu walikuwa wameshasifia hizo santuri na kuandika kurasa na kurasa kuhusu joto la analogi, na hakuna aliyeshtuka mpaka alipoambiwa. Kesi ikaenda mahakamani Marekani na kampuni ikakubali kutenga dola milioni 25 za kumaliza mambo. Kosa la kampuni ni kutosema ukweli, hilo siwatetei. Lakini hayo masikio yaliyokomaa yalikuwa wapi muda wote huo?

SWALI: Asalaam aleikum mjomba. Mie wa Mombasa. Nimeona santuri ya Herbie Hancock mpiga piano, jina lake Mwandishi, na ndani wapigaji wote wana majina ya Kiswahili. Walikuwa Waswahili hawa ama vipi?

Wa aleikum salaam. Hili swali nalipenda, niachieni nafasi kidogo.

Sio Waswahili, ni Wamarekani weusi. Kwanza hayo majina: Hancock ni Mwandishi, Buster Williams wa besi ni Mchezaji, Billy Hart wa ngoma ni Jabali, Bennie Maupin ni Mwile, Julian Priester wa tromboni ni Pepo Mtoto, na Eddie Henderson wa tarumbeta ni Mganga, na huyu alikuwa daktari kweli wa hospitali, mchana anatibu usiku anapuliza. Albamu ilirekodiwa siku ya mwisho ya mwaka 1970 kule San Francisco ikatoka 1971.

Majina yalitoka kwa kijana anaitwa Mtume. James Mtume alikuwa kwenye kikundi cha Us cha Maulana Karenga kule California, ndo huyo Karenga aliyeanzisha sikukuu ya Kwanzaa 1966 na zile nguzo saba, umoja, kujichagulia, ujima na kuendelea. Wakati ule vijana weusi wa Marekani walikuwa wanatafuta lugha ya Afrika ambayo si ya kabila moja, na Tanzania ya Mwalimu ilikuwa inawavutia, basi Kiswahili kikaingia mpaka studio. Mtume alikuwa mpwa wa Albert Heath mpiga ngoma, na huyo Heath mwaka 1969 alirekodi albamu inaitwa Kawaida, ndani yumo Hancock, yumo Don Cherry, na nyimbo ni Baraka, Maulana, Kawaida, Dunia, Kamili. Ukiisoma lebo unadhani ni santuri ya hapo Mombasa. Hiyo ukiikuta kwa bei ya binadamu nunua kwanza halafu ndo uniandikie. Mtume mwenyewe akaenda kupiga ngoma kwa Miles Davis miaka kadhaa, na mwaka 1983 akatoa Juicy Fruit, ambayo vijana wanaijua kupitia wimbo wa rapa Biggie bila kujua wanaijua.

Lakini wa kwanza kwangu mimi ni Randy Weston mpiga piano. Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, alirekodi New York albamu Uhuru Afrika, bendi kubwa, mipangilio ya Melba Liston, mashairi ya Langston Hughes, na inapoanza Uhuru Kwanza unasikia Kiswahili kinasemwa, na anayesema ni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Tanganyika yenyewe bado ilikuwa mwaka mzima haijapata uhuru! Mle ndani wako Max Roach, Yusef Lateef, Freddie Hubbard, Clark Terry, Olatunji, na wimbo wa mwisho unaitwa Kucheza Blues. Makaburu Afrika Kusini wakaipiga marufuku, na kwangu hiyo ni sifa tosha.

Kuna nyingine za kukimbizana nazo: Tanganyika Strut ya Wilbur Harden ya 1958, John Coltrane yumo kwenye saksafoni, na Lee Morgan mpiga tarumbeta ana wimbo Mr. Kenyatta aliourekodi Februari 1964, miezi miwili tu baada ya uhuru wa Kenya, Blue Note wakaiweka kabatini mpaka 1966. Mimi huwa nashangaa sana mtu wa huku kwetu anahangaika na ile namba 1568 ya Hank Mobley ya maelfu ya dola wakati santuri zinazozungumza lugha yake zinapita pembeni kwa bei ya kawaida, wazungu na Wajapani ndo wanazikusanya. Usipitwe.

SWALI: Shikamoo. Niko Tanga. Babu kafariki katuachia sanduku la santuri, nyingine nzito zinavunjika kama sahani, zote zina ukungu mweupe. Kaka yangu anasema tufute na spiriti. Na humo kuna Dar es Salaam Jazz na Morogoro Jazz, hizo nazo ni jazi?

Marahaba, poleni sana na msiba. Mwambie kaka yako aweke hiyo chupa chini sasa hivi! Zile nzito zinazovunjika ni za spidi 78, yaani zinazunguka mara 78 kwa dakika, zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu uitwao sheleki, na spiriti inayeyusha sheleki, ukifuta mara moja umefuta na sauti ya babu yako. Tumia maji yaliyochujwa yale ya betri ambayo hayana asidi, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, fuata mzunguko wa mistari, lebo isilowe, halafu kausha kivulini. Funika pua maana ukungu si mzuri kifuani. Makaratasi ya ndani yaliyooza tupa, majalada na lebo usitupe hata kipande. Zisimamishe wima mbali na ukuta wa nje, unyevu wa Tanga unaujua mwenyewe, na usiziache kwenye gari hata dakika kumi za jua. Na hizo 78 zina sindano yake nene, sindano ya LP, zile santuri za plastiki za baadaye, inazama chini kabisa ya mfereji na utasikia kelele tupu.

Kuhusu jina: hapa kwetu bendi ya vyombo vya kizungu ikiitwa Jazz ilimaanisha dansi la kisasa, magita, saksafoni, tarumbeta, watu wamevaa suti. Dar es Salaam Jazz ni ya 1932, Morogoro Jazz 1944, na ng'ambo kule Kongo African Jazz ya Kabasele na OK Jazz wakafuata miaka ya hamsini. Mpenzi wa jazi ya New York atakwambia si jazi, na kwa kanuni zake yuko sahihi, lakini msikilize Mbaraka Mwinshehe anavyoachia gita linaongea lenyewe katikati ya wimbo halafu uniambie kama huyo na mtu wa Blue Note wasingeelewana wakikutanishwa jukwaani. Mimi naziweka shelfu moja. Usiuze chochote mpaka umesikiliza, na akija mtu anataka sanduku zima kwa bei ya jumla bila hata kulifungua, ujue ameshaliona linalomfaa.

SWALI: Mjomba nina miaka 17, Mwanza, sina playa wala hela. Naruhusiwa kujiita mkusanyaji?

Unaruhusiwa. Sikiliza kwenye simu, andika kwenye daftari nani alipiga nini mwaka gani, na hela ikipatikana usinunue zile playa za mkoba za bei rahisi, mkono wake, ule unaobeba sindano, unakandamiza sana na unakula santuri. Tafuta ya mtumba ya Technics au Dual, mgandamizo wa mkono urekebishike mpaka gramu 2 hivi, sindano nunua mpya.

Yule wa Kisumu aliyeuliza kuhusu Art Blakey, picha yako haikufunguka, tuma tena, na safari hii piga lebo, achana na jalada.