Jibu: Texas na Minnesota ni sheria mbili tofauti

Mkuu, umeuliza kwa nini binamu yako wa Texas amekosa kura kwa kuchelewa kujiandikisha, wakati rafiki yake wa Minnesota alijiandikisha siku ile ile ya uchaguzi. Marekani haina tume moja inayoendesha uchaguzi nchi nzima; kila jimbo lina sheria zake. Texas hufunga daftari siku 30 kabla. Minnesota wameruhusu kujiandikisha kituoni tangu miaka ya 1970: unafika na kitambulisho na bili ya umeme yenye anwani yako. Huna? Mpiga kura wa eneo hilo hilo anaweza kukuapia kwamba unaishi pale, na mtu mmoja anaruhusiwa kuwaapia hadi watu 8. Hapo ndipo wabishi hudai kuna wizi, ila anayeapa uongo ana kesi ya jinai.

Mimi ningeiga Oregon. Tangu 2016, raia akienda kushughulikia leseni ya udereva anaingizwa daftarini moja kwa moja, asipotaka anajitoa mwenyewe. Karatasi ya kura inamfuata nyumbani kwa posta. Foleni zetu za alfajiri hawazijui kabisa.