Rin ni shujaa au muuaji?

Dada, umeuliza mbona watu bado wanamtetea Rin, yule binti wa riwaya ya The Poppy War, na kisiwa kizima cha maadui, Mugen, amekiunguza. Mi simtetei, ila namwelewa, na hapo ndo mwandishi wake R.F. Kuang ametushika. Huyu ni yatima wa vita kalelewa kwa wauza afyuni, wakataka kumuoza kwa mzee, akawa anajichoma na nta ya mshumaa ili asisinzie akisomea mtihani wa Keju wa kuingia chuo, yani binti ambae kila kitu amekipata kwa maumivu, sasa umpe mungu wa moto halafu utarajie atatulia? Na yale mauaji ya mji wa Golyn Niis kitabuni yametoka kwenye mauaji ya Nanjing, China, ya 1937, hasira ya Rin haikuanzia hewani. Shida yangu ni moja tu, ule moto hakulazimishwa, ameuomba mwenyewe.

Kwetu Uganda mbona tunamjua mtu wa namna hii. Alice Lakwena, kiongozi wa waasi, 1986 alisema roho inamwongoza, wapiganaji wake wakapakwa mafuta ya shea wakaambiwa risasi hazitawapata, wakatoka kaskazini kule mpaka karibu na Jinja 1987 ndo wakapigwa vibaya. Mpaka leo kuna wanaomwona mkombozi na kuna wasiotaka hata kusikia jina. Ye alikimbilia Kenya akafia huko 2007. Rin anaishia wapi sikwambii, soma kitabu cha tatu ndo uje tubishane vizuri.