Usilipie seti nzima! Lipia kitabu cha kwanza peke yake

Mkuu, simama hapo hapo. Hiyo hela usiitume.

Umeandika kwamba umechoka na fantasia za wafalme wenye ndevu za dhahabu na misitu ya theluji, unataka hadithi za uchawi na mapanga zenye watu wanaofanana na sisi. Sawa kabisa. Halafu unasema kuna jamaa wa kikundi cha vitabu kakupa orodha, na Ijumaa unamtumia nusu ya bei ya seti ya vitabu sita, kisa kwenye boksi kuna dada mweusi kashika upanga. Ukauliza na Kiingereza chake kama ni kigumu, na kama binti yako wa darasa la saba anaweza kusoma pamoja nawe. Wachangiaji wote huko juu wanakupa hongera. Hongera ya nini? Mtu anakwenda kupigwa mchana kweupe mnamshangilia!

Mimi nilishanunua seti ya namna hiyo. Sitaitaja jina, sitaki kesi. Pamoja na usafiri na ushuru ilinitoka laki nne na chenji, na hiyo ilikuwa hela ya tairi za pikipiki. Aliyeniuzia alikuwa na maneno matamu balaa: "Kaka, hiki ni chetu, humo weusi tupu, ukianza hulali." Baadaye kabisa, mzigo ukiwa umeshafika na mimi nimeshaanza kuhisi harufu mbaya, nikamuuliza yeye binafsi alipenda sehemu gani. Akanitumia tena picha ya kava. Nikamuuliza mara ya pili, akaniwekea kidole gumba. Hajasoma hata ukurasa mmoja yule! Anakula kamisheni tu, kavisoma vitabu kwa macho ya mgongoni. Watu wa hivi wamejaa kwenye vikundi, na kila mmoja ana orodha: "vitabu hamsini vyenye wahusika weusi". Waulize hao wahusika wanafanya nini humo ndani, wanahama kikundi.

Sasa sikia kilichokuwemo. Yule dada wa kwenye boksi anaingia karibu ukurasa wa tisini. Anapoingia, ngozi yake ni kahawa. Ukurasa unaofuata ni chokoleti. Jioni kambini, mwanga wa moto ukimpiga, imekuwa mdalasini. Nikageuza kitabu kuangalia kama sijachukua menyu ya hoteli kwa bahati mbaya. Kwao hakutajwi. Mama hana, ndugu hana, deni hana, hata mtu anayemchukia hana. Kazi yake ni kumfundisha steringi upanga, kijana mmoja mweupe mwenye huzuni nyingi, na kumpa methali za wazee kila akikwama. Methali zenyewe sijawahi kuzisikia kwa mzee yeyote duniani. Sura ya kumi na nne anaudaka mshale usiomhusu. Steringi analia aya mbili, hasira zinampanda, anakwenda kufyeka jeshi zima. Imeisha hiyo! Vitabu vitano vilivyobaki dada hatokei tena, anakumbukwa tu steringi akitazama nyota. Lakini kwenye boksi bado kasimama mbele, kakunja uso, upanga juu. Yeye ndiye aliyeuza mali yote halafu hakulipwa hata sura kumi na tano.

Hapo ningeweza kuacha, si ndiyo? Nisingeweza, kwa sababu nilikuwa nimeshalipia vyote sita. Hicho ndicho usichokiona sasa hivi. Ukishatoa laki nne huachi kitabu, unakisoma kwa uchungu wa hela. Nilivisoma vyote usiku kama mtu anayemaliza dozi, na mama watoto akipita anafuta vumbi kwenye boksi bila kusema neno, jambo ambalo ni baya kuliko kusema. Nilipomaliza nikawa natangaza kila kijiwe kwamba fantasia si mambo yetu, tuachie wenyewe. Kwa muda mrefu sikugusa tena hadithi ya aina hiyo. Tairi nilikuja kununua. Huo muda sijui nitaununua wapi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja tu: lipia kitabu cha kwanza, kisome mpaka mwisho, ndipo utoe hela ya cha pili. Hata wakikupa punguzo. Hata ikiwa toleo la mwisho lenye kingo za dhahabu.

Na kava usiliamini kabisa. Zamani lilidanganya kwa upande mwingine. Mwandishi wa Marekani Ursula K. Le Guin alitoa riwaya ya uchawi A Wizard of Earthsea mwaka 1968, na shujaa wake, Ged, ana ngozi ya kahawia yenye wekundu. Weupe mle ndani ni wale wavamizi wanaokuja kuchoma vijiji. Watengeneza makava wakamfanya Ged mweupe miaka nenda rudi, na runinga ya Marekani ilipotengeneza filamu yake mwaka 2004 wakamweka kijana mweupe. Mama Le Guin akaandika hadharani kulalamika. Mwaka 2009 riwaya ya Justine Larbalestier iitwayo Liar ilitayarishwa Marekani ikiwa na msichana mweupe kwenye kava wakati msimulizi wake ni mweusi. Kelele zilipopigwa ndipo mchapishaji akabadilisha. Siku hizi wamegundua uso mweusi nao unauza, basi wanauweka nje hata kama ndani kaja kufa tu. Biashara ni ile ile.

Unapokisoma hicho cha kwanza, mtafute mhusika mweusi mle ndani umuulize: wewe mwenyewe unataka nini? Akikosa jibu lake, kitabu kifunge. Kwa mfano kitabu kiitwacho Binti cha Nnedi Okorafor, cha 2015. Ni kijitabu cha karibu kurasa mia. Binti ndilo jina la msichana mwenyewe, steringi, na ni Mhimba, kabila la Namibia; kwao wanajipaka otjize, ule udongo mwekundu wenye mafuta, mwilini na kwenye nywele. Anatoroka nyumbani usiku kwenda kusoma chuo kikuu sayari nyingine, na anabeba udongo wake kwenye chupa. Mwandishi wa mchongo angeuacha udongo huo uwe urembo wa kava. Okorafor kaufanya uwe dawa inayoponya kiumbe ambacho hakuna aliyetarajia, na hadithi nzima inageukia hapo. Ondoa Uhimba wa yule msichana uone kama kitabu kinasimama. Hakisimami.

Au N. K. Jemisin, maana najua kwenye hiyo orodha yumo. Vitabu vyake vitatu vya hadithi moja vilichukua tuzo ya Hugo, ile ya fantasia na sayansi ya kubuni, ya riwaya bora miaka mitatu mfululizo, 2016, 2017 na 2018, jambo ambalo hakuna mwandishi aliyewahi kulifanya kabla yake. Steringi ni mama mweusi wa makamo, si kabinti, na anachotaka kinaonekana tangu mwanzo: mume kamuua mtoto wao wa kiume na kutoweka na wa kike, yeye anamfuata. Lakini hata huyu nunua kimoja! The Fifth Season, ndicho cha kwanza, ina sehemu zinazokusimulia kwa "wewe", wewe unafanya hivi, wewe unakwenda kule, na nina rafiki msomaji mzuri tu ambaye ilimshinda kabla ya kufika katikati. Angenunua vitatu ingekuwaje? Ndiyo yale yale.

Karibu na nyumbani kuna The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa. Tuzo yenye jina la huyo huyo Le Guin ilipotolewa kwa mara ya kwanza, mwaka 2022, yeye ndiye aliyeichukua. Msichana Aisha anaingia baharini kumtafuta baba yake mvuvi, chombo chake ni cha mifupa, na mwenzake wa safari ni paka anayeongea. Paka wa Mombasa kabisa, anajua mambo ya watu kuliko wenyewe. Kinajitegemea, hakuna cha pili wala cha tatu, hata ukitaka kuliwa hela hawana pa kukulia.

Na tusidanganyane kwamba haya mambo tumeyaona leo. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert imetoka 1952: liwali anawachapa manyani wawili kila usiku, na manyani wenyewe ni ndugu zake wa damu waliogeuzwa na jini. Kama hiyo si fantasia mniambie fantasia ni nini. Shuleni tulikaririshwa maudhui na dhamira mpaka hakuna aliyethubutu kusema inasisimua. Hata Willy Gamba, yule mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba, ingawa yeye ni risasi na si uchawi, hatukuwahi kuuliza kama kuna mweusi ndani. Mweusi ndiye aliyekuwa steringi, na hakufa sura ya kumi na nne.

Kama umeshatuma hiyo nusu, mpigie jamaa leo kabla hajaagiza. Mwambie unataka cha kwanza peke yake, iliyobaki akurudishie. Akisema seti haivunjwi, muulize kwenye hicho cha kwanza yule dada wa kwenye boksi anaingia ukurasa wa ngapi na mama yake anaitwa nani. Uje utuambie alichojibu.