Kabla ya kuchora besi yako, pima ile unayoipiga

Kijana mmoja mpiga besi aliniletea mchoro wa gitaa analotaka kuchongesha. Nyuzi tano, pembe mbili zilizochongoka, jina lake kwa herufi za dhahabu kwenye freti ya 12, yaani kijiti cha chuma cha 12 kwenye shingo ukihesabu kutoka kichwani. Mchoro mzuri kweli. Nikamuuliza kifungo cha mkanda kitakaa wapi. Hakuwa amekichora.

Nilimwelewa, kwa sababu besi yangu ya kwanza ya kuchongesha nami niliianzia kwenye sura. Nilitaka pembe ya juu iwe fupi, fundi akachonga vilevile nilivyochora. Usiku wa kwanza jukwaani nikaachia mkono wa kushoto kidogo tu ili niongeze sauti, kichwa cha besi kikashuka kuelekea sakafuni. Dansi letu huchukua muda wa saa nne. Saa zote hizo mkono uliotakiwa kubana nyuzi ulikuwa unabeba shingo, na tulipofunga vyombo dole gumba lilikuwa limekufa ganzi.

Kosa lilikuwa kwenye kile kifungo, kinachokaa kwenye ncha ya pembe ya juu. Kwenye besi za Fender, Precision na Jazz, pembe ya juu hufika karibu usawa wa freti ya 12. Yangu iliishia freti ya 15 hivi. Shingo ndefu, funguo nzito za chuma za kukazia nyuzi mwishoni mwake, na mkanda umeshika mbali na kichwa: lazima ilale. Nilibadilisha funguo nikaweka nyepesi, ikapona nusu. Nusu iliyobaki haitibiki bila kuchonga bodi upya.

Kwa hiyo usimpe fundi karatasi. Kata umbo kamili kwenye plaiwudi, funga mkanda, simama nalo mbele ya kioo, kaa nalo kwenye kiti. Tazama kiwiko kinagusa wapi, kifundo cha mkono kinapinda kiasi gani ukifika freti ya kwanza. Na hapo freti ya kwanza ndipo utakapoamua urefu wa nyuzi. Tangu Leo Fender atoe Precision mwaka 1951, kipimo kilichozoeleka ni inchi 34. Kwa uzi wa tano, ule wa B unaotetema mara 31 hivi kwa sekunde, mafundi wengi huongeza hadi 35 ili usilegee. Inchi moja inaonekana ndogo mpaka uinyooshee vidole usiku kucha.

Mbao: huku kwetu tuna bahati. Ubao wa freti wa mpingo ni mgumu, laini chini ya vidole, haulikiwi na nyuzi upesi. Ila usifanye bodi nzima ya mpingo, mti ambao kipande chake kikitupwa majini kinazama. Mgongo wako utalia. Mninga uliokauka vizuri unatosha. Nasisitiza uliokauka, maana unyevu wa pwani hupinda shingo, hivyo hakikisha chuma cha kunyooshea shingo kinafikika bila kufungua chochote. Ukitaka kumpelekea fundi wa nje mbao za mpingo, kumbuka ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, zinahitaji kibali.

Kuhusu sauti, wakubwa wetu wananifundisha jambo moja. Jazz Bass ya mpiga besi Marcus Miller ya mwaka 1977 ilitoka kiwandani kama nyingine. Aliipiga kwanza, ndipo fundi Roger Sadowsky akamfungia priampu, kikuza sauti kidogo cha betri ndani ya gitaa. Mpiga besi Jaco Pastorius naye alikuwa na Jazz Bass ya 1962 isiyo na freti. Mikono yao ilishajua inatafuta nini. Wewe je, kidole chako cha kulia hukaa wapi ukiwa umezama kwenye sebene? Weka alama ya chaki hapo, upime kutoka kwenye daraja, pale nyuzi zinapoegemea kwenye bodi. Mahali pa pikapu, kile kifaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi, patokane na kipimo hicho.

Na ukifunga priampu, mlango wa betri ufunguke kwa kidole, bila bisibisi. Volti 9 zikiisha katikati ya wimbo, una dakika moja.