Shangazi, kaka kala hela zangu za nyumba

Mwanangu wa Muscat, barua nimeisoma. Miaka yote umetuma hela kaka akusimamie ujenzi Mbagala, umerudi likizo umekuta msingi na majani, eti simenti ilipanda bei. Sasa anaoa, mama anataka umsamehe, na mwenzio wa kazini, binti wa Sri Lanka, anakwambia ufanye metta kama wao Wabudha. Unauliza ndo nini hiyo, na je, deni linakufa?

Deni halifi. Kwa Wabudha kosa lake linabaki la kwake na matunda yake atavuna mwenyewe, hata usipomlaani. Unachoacha wewe ni kinyongo. Dhammapada, kitabu chao cha mafundisho ya Buddha, mwanzoni kabisa inasema anayeshikilia "alinitukana, alinipiga, alinishinda, aliniibia" chuki yake haiishi, na si ndo wewe huyo, saa nane usiku unafungua picha ya msingi kwenye simu unapiga hesabu upya, riali kwa shilingi? Hela alichukua yeye, usingizi unampelekea mwenyewe.

Metta ni kutakia heri, na wala hubadili dini. Buddhaghosa, mtawa aliyeandika hukohuko Sri Lanka karne ya 5, anaonya usianze na adui. Anza na nafsi yako, niwe salama, nisiwe na chuki, kisha mtu unayemheshimu (asiwe mchumba, anasema hapo itageuka mambo mengine, na mi nakubaliana nae), kisha mtu baki tu kama dereva wa basi lenu, kaka awe wa mwisho. Ukifika kwake kifua kikabana, rudi kwa wale wa mwanzo, usilazimishe. Ikigoma kabisa anakwambia jiulize unachokasirikia ni nini hasa, nywele zake? kucha? mifupa? Hapo nilicheka lakini jaribu, hasira inakosa pa kukaa.

Mwisho kabisa anashauri umpe zawadi huyo adui. Hapo mi nasema subiri, zawadi ya harusi kwa mtu mwenye hela zako, hapana.

Ukija, mkae na mjomba pale serikali ya mtaa, muandikishane atalipa kiasi gani kila mwezi, afadhali kabla ya harusi maana bi harusi nae ana haki ya kujua. Na hela ya ujenzi safari hii mtumie fundi moja kwa moja, akutumie video ya kila tofali.