Kwanini meli ya vita inajaza watu
Mkuu umeuliza meli ya vita inabeba watu mia tatu wa nini wakati kompyuta inaendesha kila kitu. Kuendesha ndo rahisi, shughuli ni ikitobolewa. 1988 meli ya vita Samuel B. Roberts ya Marekani iligonga bomu la majini kule Ghuba ya Uajemi, injini rumu ikajaa maji, moto unawaka, jamaa wakapambana masaa kama matano, wengine wanakaza nyufa kwa nyaya za chuma, na hakufa mtu. Roboti gani anafanya hiyo? Wamarekani haohao wakaja na zile LCS, meli ndogo za vita za kupigania karibu na pwani, wakapanga watu 40 tu kwa meli, wakachoka hoi, ikabidi wafike 50. Na kutu nayo nani anakwangua? Kaulize vijana wa pantoni Kigamboni.